Mkono wa Mbeleje

Ukiweka kofia yako ngumu juu ya paa la gari, gari hilo ni lako mpaka jioni na hakuna wa kukuondoa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya watu wa mzunguko, waliobaki kuendesha kwa mikono yao pale Itongwa, na labda ndiyo desturi pekee ambayo wakubwa wa Mamlaka ya Mwendo walikuwa hawajaitungia kanuni. Asubuhi ile banda lilipofunguliwa, wenzake waliweka kofia zao harakaharaka kama watu wanaowahi viti vya kivulini msibani. Ndahani alibaki amesimama katikati, kofia kwapani, gari moja kushoto kwake na jingine kulia.

Kushoto alikuwapo Kinda. Kigari kifupi cha zamani, kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma. Viti vya nyuma vimeng'olewa, zulia limeng'olewa, hata kitasa cha mlango wa abiria kilitolewa ili kupunguza uzito, na ndani limejengwa tundu la mabomba ya chuma ili kikipinduka kisimbane mtu. Kulia alikuwapo Nyati, jigari jeusi la Mamlaka, ambalo injini yake ikiwaka kuku wa kijiji cha pili wanaacha kudonoa.

Mkewe Mbeleje hakumpenda Nyati hata siku moja. "Nguvu zote hizo utazitumia kwenye mstari ulionyooka," alikuwa akisema, "na kwenye mstari ulionyooka hata mbuzi anaendesha. Mimi nipe gari jepesi, breki zisizochoka, tairi ninazoweza kubadilisha mwenyewe. Halafu tukutane konani."

Sasa Mbeleje alikuwa kaburini, mwaka mzima ukitimia siku hiyohiyo.

"We Mgogo, unachagua gari au unachagua mchumba?" Mgimba alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa banda. Alikuwa Mhehe wa kimo kikubwa na tumbo lililomtangulia, na kofia yake ilikuwa imeshakaa juu ya gari lake jekundu. "Mwenzio jua linaniishia."

"Nyamaza, Mhehe. Nyinyi hata kuchagua mboga mnatoa mikuki."

"Ndiyo maana tunakula vizuri."

Watu walicheka, lakini si sana. Kila mmoja pale alijua kwa nini Ndahani amesimama, maana Injinia Kokuhirwa wa Mamlaka alikuwa ameshashuka kutoka kwenye kibanda chake cha vioo na alikuwa anakuja kwa mwendo wa mtu anayepeleka habari asizozipenda.

"Shikamoo, mzee Ndahani."

"Marahaba." Aliitoa kama anayetema mbegu.

"Nisikuzungushe, mzee wangu. Umefikiria lile jambo?"

"Lieleze tena. Mimi niliishia darasa la nne, hamkuniambia kwa lugha ya watu."

Binti wa watu akashusha pumzi. Alionyesha kisanduku cha kijivu chini ya usukani wa Kinda. Kila gari la mzunguko lilikuwa na kisanduku kama hicho, na ndiyo sababu pekee iliyowafanya wakubwa waendelee kuruhusu watu kushika usukani. Kinasa kilinasa mkono ulivyozungusha, mguu ulivyokanyaga, jicho lilivyotazama. Mashine zilijifunza kwa watu wa Itongwa, na watu wa Itongwa walilipwa kwa kuachiwa wacheze.

"Kinasa hiki kina miaka yote ya mama Mbeleje," Kokuhirwa alisema. "Lakini kimechanganya. Gari, tairi, lami na yeye mwenyewe, vyote viko humo kama mchuzi. Chumvi tunaionja ila hatuwezi kuitoa. Mtu mwingine ambaye mkono wake tunaujua akiendesha gari hilohilo kwenye njia hiyohiyo, tunalinganisha. Tunatoa kilicho cha gari, kinabaki kilicho cha mama. Ndiyo kuchuja kwenyewe."

"Mtu mwingine si yule pale?"

"Mzee Mgimba hakai kwenye kiti kile, hata mkimsukuma wanne."

"Nimesikia!" Mgimba alisema.

Ndahani hakucheka. Na Mbeleje alikataza mtu yeyote kukaa kwenye kiti cha Kinda baada yake, isipokuwa yeye mumewe. "Na mkishaupata mkono wake mtauweka wapi?"

"Magari ya mteremko wa Mlanga ndiyo ya kwanza. Baadaye nchi nzima."

"Na ya polisi? Na yale ya wakubwa wenye mapazia?"

"Yote, mzee."

"Na nikikataa?"

"Mwaka wa msiba unaisha leo. Sheria inasema kinasa kinafutwa."

Akaondoka akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Angalau alikuwa na adabu ya kutomtazama.

Ndahani aliutazama ule mteremko wa Mlanga kichwani mwake kama alivyoutazama kila siku mwaka mzima. Upepo ulikuwa umepeperusha mchanga wa korongo ukatanda juu ya lami. Mbeleje alikuwa anarudi kutoka sokoni, amekaa ndani ya kipofu. Ndivyo watu walivyoyaita magari ya Mamlaka, kwa kuwa hayakuwa na usukani wala kioo cha kuonea nje. Kipofu kikakanyaga mchanga, kikateleza, kikafanya kama kilivyofundishwa na watu wa ofisini wasiojua mchanga: kikabana breki zote kwa pamoja. Kikaingia darajani kwa ubavu. Mwanamke aliyekuwa akilidaka gari linaloteleza kama mtu anavyodaka kikombe kabla hakijafika chini alikufa amekaa mikono mapajani, hana cha kushika. Mamlaka ikatangaza kuwa ulikuwa upepo. Upepo! Kana kwamba Wagogo ndiyo kwanza wanauona upepo.

Mgimba alimsogelea, safari hii bila utani usoni. "Mtani, binti yangu anapanda vile vitu kila siku kwenda kufundisha. Anapita Mlanga asubuhi, anapita Mlanga jioni."

"Najua."

"Basi wape."

"Walimuua kwa ujinga wao. Sasa wapone kwa akili yake?"

"Si wao watakaopona. Ni sisi. Wao hawapiti Mlanga."

Ndahani alimtazama. Huyu ndiye aliyetimiza utani siku ya mazishi. Alivaa kofia ya Mbeleje, akakaa juu ya beseni lililofudikizwa, akashika ungo kama usukani, akawa anaendesha mbele ya waombolezaji huku ametoa mkono wa kulia nje ya dirisha lisilokuwapo, akiwaonyesha mashemeji wapite. Maana mzunguko si mashindano. Humpiti mtu mpaka yeye mwenyewe akutolee mkono akuonyeshe upande wa kupita, na Mbeleje alikuwa na namna yake ya kuonyesha, kiganja juu, kama anayekaribisha mgeni mezani. Watu walilia kwa kucheka. Halafu Mgimba akapewa jogoo wake, akavua kofia, na Mbeleje akawa amekufa kweli.

Jambo likishatendwa hivyo, limekwisha. Ndahani hakuona kwa nini lianzishwe upya na watu wasiotaka hata jogoo.

Akaweka kofia juu ya Nyati.

*

Mizunguko ya kwanza aliendesha vibaya, kwa hasira. Nyati alikuwa na nguvu za kijinga. Kwenye mstari ulionyooka, uliokuwa zamani njia ya ndege, alimrusha mtu kitini. Lakini kila alipofika konani alikuwa ni tani mbili za chuma zinazotaka kwenda moja kwa moja porini, na kila alipozizuia, kanyagio la breki lilizidi kuwa laini chini ya mguu. Ndahani alinusa harufu ya breki zinazoungua. Alimsikia Mbeleje akisema nilikuambia, akamjibu kwa sauti kuwa anyamaze, kisha akajutia kumwambia hivyo.

Mbele yake palikuwa na gari dogo jeupe.

Hakulijua. Lilikuwa la Mamlaka, la majaribio, halikuwa na kioo wala mtu. Siku za mzunguko waliingiza moja au mawili ili yajipime na watu, na kwa kawaida watu waliyapita huku wakiyapigia honi za kejeli. Yaliendesha kama wanafunzi wa seminari, kila kona kwa kipimo kilekile.

Hili halikuwa hivyo. Liliingia kona ya kwanza kwa kuchelewa, kona ya pili kwa upole, na lilipofika ile kona waliyozoea kuiita Jiko, ambako upepo humwaga mchanga juu ya lami mwaka mzima, halikupunguza mwendo. Mkia ukaondoka. Ndahani akajikaza, akisubiri libane breki kama yalivyo yote.

Halikubana. Liliachia mafuta kwa nukta, likageuza tairi za mbele kidogo tu, kabla hata mkia haujamaliza kuamua unakwenda wapi, kama lililojua siku moja kabla. Likadakwa. Likatoka konani limenyooka.

Ndahani akalisogelea.

Halafu, walipoingia mstari ulionyooka, lile gari jeupe likatikisika. Lilipepesuka kidogo kushoto, kiasi cha upana wa kiganja, likatulia hapo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, likarudi. Mtu mwingine angesema ni upepo. Lakini Ndahani alikuwa amekaa nyuma ya mtikisiko huo nusu ya maisha yake. Kila walipotoka kona ya Jiko, Mbeleje alitoa mkono wa kulia dirishani kumwonyesha apite, na usukani ukabaki na mkono mmoja wa kushoto, uliokuwa dhaifu tangu alipovunjika kiwiko utotoni. Hapo Kinda alipepesuka. Kila mara, mahali palepale.

Gari jeupe halikuwa na mkono. Halikuwa hata na dirisha. Lilikuwa linampisha.

Hakupita. Alilifuata mzunguko mwingine, na mwingine tena. Kila baada ya Jiko lilimpisha, na kila lilipompisha alibaki nyuma, akilia ndani ya kofia mpaka kioo chake kikafanya ukungu. Hakuona kuwa taa ya breki imewaka nyekundu. Alipokanyaga tena kabla ya kona, kanyagio lilikwenda mpaka chini kama mguu umeingia tope, na Nyati na tani zake mbili akatoka nje ya njia, akala mchanga, akasimama ubavuni mwa tuta la matairi. Goti la Ndahani liligonga usukani, na akajua kwa ule mlio kwamba hatatembea vizuri siku kadhaa.

*

"Tangu lini?" alimuuliza Kokuhirwa. Walikuwa wamemkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, na Mgimba alikuwa anamfunga goti kwa kitambaa.

Binti hakujifanya haelewi. Kwa hilo alimsifu moyoni. "Tangu arobaini."

Ndahani akakumbuka, na kukumbuka kulimuuma kuliko goti. Watu wa mzunguko wana desturi: siku ya arobaini, mtu wa karibu kuliko wote huchukua gari la marehemu akalizungusha mara moja, polepole, dirisha wazi, mkono wa kulia nje, akimwonyesha marehemu apite. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kinda. Hakuna aliyekumbuka kuzima kinasa. Nani hukumbuka kinasa siku kama ile?

"Mlinasa msiba wangu."

"Kilijinasa, mzee. Asubuhi yake ofisini wakaona kuna mkono wa pili kwenye gari lile. Wakachuja. Mimi sikuwa na sauti." Akaonyesha kule lilikokuwa gari jeupe. "Vipofu vya Mlanga vinaendeshwa na mkono wa mama tangu mwezi uliopita."

"Uliniambia kinafutwa."

"Kinasa ndicho kinachofutwa. Mkono ulishatoka."

"Basi uliniuliza nini asubuhi? Ulinisimamisha mbele ya watu nichague nini?"

"Sheria inataka tuulize," Kokuhirwa alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Haisemi tusubiri jibu."

Mgimba aliacha kufunga kitambaa. Alitukana kwa Kihehe, tusi refu lenye vituo. Ndahani hakuwa na tusi. Alikuwa na uchovu tu, uchovu wa mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zake zote kumbe ukuta wa pembeni ulishabomolewa.

"Lakini kuna kitu tulikihitaji leo," binti akaendelea. "Uliliona lile gari. Linapepesuka. Vipofu vyote vya Mlanga vinapepesuka hivyo baada ya kudaka mchanga, na baada ya mchanga ndipo lilipo daraja. Wiki iliyopita kimoja kimekwangua ukingo. Hatujui hicho kitu cha kupepesuka kinatoka wapi. Kwenye kinasa kipo kwa mama, na kwenye mzunguko wako wa arobaini nacho kipo. Kwa hiyo hatujui kama ni ugonjwa wa gari au ni sehemu ya mkono. Tunaogopa kukikata. Huenda ndicho kinachofanya adake vizuri. Ungeendesha Kinda leo kwa mwendo wako wa kawaida, tungejua." Alimtazama. "Wewe unajua, mzee? Tukijua chanzo ni kazi ya dakika chache, tunavirekebisha vyote hukohuko vilipo."

Mgimba akainua macho. Yeye aliwahi kuuigiza mkono ule mbele ya kaburi. Lakini hakuwahi kukaa nyuma ya Kinda, kila mara alikuwa mbali huko na tumbo lake, na Ndahani aliona usoni mwake kwamba hajaunganisha mkono ule na mtikisiko.

Aliyejua alikuwa mmoja tu. Waliuchukua mkono wote, lakini ule mtikisiko hawakujua ni nini, na kwa hiyo ulikuwa bado ni wake.

"Sijui," Ndahani alisema.

*

Tangu msiba hakuwa amepanda kipofu. Alikuwa akija Itongwa kwa baiskeli. Lakini goti lilikuwa limevimba kama boga, na alasiri Mgimba akamkokota karibu kumbeba mgongoni mpaka kituoni, akamwingiza, akampigapiga begani. "Ukifa njiani nitakudai jogoo wawili," alisema, macho yakiwa yamemjaa machozi. Mlango ukafunga.

Ndani mlikuwa na mwanga mweupe na viti vinavyotazamana. Mbele yake alikaa mwanamke kijana, amempakata mtoto mchanga aliyelala mdomo wazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeumia?"

"Nimejigonga tu."

Kipofu kikaondoka. Hakuna la kuona, ila mwili wa Ndahani ulijua njia. Alijua walipoanza kuteremka, na upepo ukaanza kupiga mbavu za gari. Alijua mchanga kabla haujafika, kwa mlio wake chini ya tairi, kama mchele unaopetwa.

Mkia ukaondoka.

Mwanamke alipiga yowe dogo akamfunika mtoto. Na hapo Ndahani akausikia ule mkono chini yake, kwenye kiti, mgongoni, mahali ambapo hakuna kinasa kinachofika: mafuta kuachiwa kwa nukta, tairi kugeuzwa kidogo tu. Alidakwa. Kwa muda mfupi sana alikuwa amebebwa na mkewe, yeye na mama asiyemjua na mtoto wa watu, na moyo wake ukataka usimame hapohapo ili kisije kikaja kitu kingine baada yake.

Kikaja. Kipofu kikapepesuka kushoto, upana wa kiganja. Anampisha. Ubavu ukakwangua chuma cha daraja kwa mlio mrefu wa kukereza meno, kiti kikatetemeka, mtoto akaamka akalia. Kisha kikarudi, kikasimama ng'ambo, kikatangaza kwa sauti yake tamu kwamba safari itaendelea punde.

"Kila siku hivi," mwanamke alisema, akimbembeleza mtoto. "Kinaponya halafu kinataka kuua. Dada yangu kapanda cha saa kumi, kinakuja nyuma yetu."

Karibu na mlango palikuwa na kitufe cha kuzungumza na Mamlaka. Ndahani alikitazama. Alifikiria wakubwa wenye mapazia, wakirudi kwao usiku wamelala, wamebebwa na mkono ambao hawakuuomba kwa mwenyewe wala kwa mumewe. Watapona wao pia. Hakuna namna ya kumwokoa dada wa huyu bila kuwaokoa wale. Mamlaka ilikuwa imepanga dunia ikawa hivyo, na yeye alikuwa mzee mmoja mwenye goti bovu.

Akabonyeza.

"Nipe Injinia Kokuhirwa."

Sauti ya binti ilikuja haraka, kama aliyekuwa akisubiri.

"Si ugonjwa wa gari," Ndahani alisema. "Na mtikisiko huo haumo kwenye kudaka. Alikuwa anatoa mkono wa kulia dirishani, kumwonyesha mtu wa nyuma apite. Usukani unabaki na mmoja. Na siku ya arobaini mimi niliutoa wangu. Ni hilo tu. Likateni."

"Nani alikuwa mtu wa nyuma, mzee?"

"Wewe likate tu."

Walingojea ndani ya mwanga mweupe. Mtoto alinyamaza. Chini ya sakafu kitu kililia mara moja, kama kitasa kinachofungwa, na kipofu kikaanza kwenda.

"Kumbe mtu ukisema wanasikiliza," mwanamke alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mamlaka ya siku hizi imetufikiria, eti babu?"

Ndahani alifumba macho. Alikuwa anahesabu njia mwilini mwake, maana mbele kulikuwa na kona moja zaidi yenye mchanga, ya mwisho kabla ya kijiji. Ikafika. Mkia ukaondoka, ukadakwa, vizuri kabisa, vizuri kama zamani. Alibana mikono kwenye kiti akasubiri.

Gari lilitoka konani limenyooka, likaendelea kunyooka mpaka nyumbani.